Kuku Hapigwi Picha Saa Sita

Fungua grupu lolote la WhatsApp la wafugaji, upitie matangazo ya leo tu. Jogoo mweusi kasimama katikati ya uwanja saa 6 mchana. Mgongo umewaka mweupe kama bati, kifua ni giza, jicho halionekani kwa sababu upanga wake mwenyewe, ile nyama nyekundu ya kichwani, umelitia kivuli. Miguu imekatwa. Chini imeandikwa: "Kuchi halisi, bei maelewano."

Mnunuzi atajuaje kuwa ni halisi? Anayemtaka kuchi, yule kuku wa asili mrefu, anatazama urefu wa shingo na miguu, kifua, upanga mdogo uliobana kichwani, ndevu fupi, na jicho. Picha ile haijamwonyesha hata kimoja. Mfugaji amemlisha huyo jogoo miezi na miezi, amemchanja dhidi ya ugonjwa wa kideri, amemlinda na kicheche na mwewe, halafu anampeleka sokoni kwa picha ya sekunde tano. Jambo hili linaniudhi sana, maana linamwibia mfugaji haki ya jasho lake.

Utetezi wa kila siku ni kwamba simu ni ndogo. Simu inasingiziwa. Kosa liko kwenye saa.

Masomo mengi ya kupiga picha yanayozunguka mtandaoni yametoka nchi zilizo mbali na ikweta, na huko jua lina tabia nyingine. London mwezi Desemba, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi kutoka upeo wa macho. Mtu wa huko anaweza kutoka na kamera saa 6 mchana na mwanga ukamjia kutoka ubavuni. Kwetu nyuzi 15 ni saa moja tu tangu jua lichomoze. Hapa jua linapanda karibu wima, na ikifika saa 3 asubuhi limeshapita nyuzi 30. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba, linapita juu ya utosi kabisa. Kuku aliyesimama chini ya jua hilo anaangaziwa mgongo peke yake, na mgongo ndio sehemu isiyomwambia mnunuzi chochote.

Kwa hiyo muda wetu mzuri ni mfupi na hauna budi kuheshimiwa. Pwani jua linachomoza kati ya saa 12 kasoro dakika chache na saa 12:40 asubuhi kutegemea mwezi, na kuanzia hapo una kama saa moja na nusu ya mwanga laini unaoingia kutoka pembeni. Huhitaji programu ya kukuambia umeisha lini. Tazama kivuli chako mwenyewe. Kikiwa kirefu mara mbili ya kimo chako au zaidi, endelea. Kikipungua hapo, muondoe kuku juani umpeleke kivulini. Kikiwa kifupi kuliko wewe, picha ya juani usiipige kabisa.

Jioni mwanga unarudi, lakini kuku hausubiri. Macho yake ni dhaifu penye giza, naye anaanza kuelekea bandani kabla jua halijazama. Anayepanga kupiga saa 12 jioni atakuta wamekwisha panda kwenye vichanja. Jioni ya kuku ni saa 10:30 hadi 11:30. Tena jioni gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, limejaa chakula cha siku nzima, linavimba upande mmoja wa kifua, na asiyejua huliona kama uvimbe au jipu. Asubuhi, kabla hajala, kifua kiko kwenye umbo lake. Hiyo peke yake inanitosha kuchagua asubuhi.

Sasa kivuli, maana hapa ndipo wengi wanapokosea wakidhani wamepatia. Wanaambiwa wakae kivulini, wanampeleka kuku chini ya mwembe. Chini ya mwembe jua linapenya kwenye majani na kumwaga vidoa, na picha inamwonyesha kuku mwekundu mwenye madoa meupe ambayo hana. Kivuli kinachofaa ni kizima: kivuli cha nyumba, cha ukuta, cha banda lenyewe. Na usimweke ndani sana. Kuku asimame nusu mita hadi mita moja ndani ya kivuli, uso wake ukielekea upande wa wazi wenye anga. Hapo mwanga unamjia mbele na ubavuni, taratibu, bila kumchoma, na ndani ya jicho utaona nukta ndogo nyeupe ya anga. Ukiikosa nukta hiyo, jicho linaonekana limekufa hata kama kuku ni mzima wa afya. Mgeuze, au zunguka wewe, mpaka uione.

Angalia pia kilichomzunguka, kwa sababu mwanga unabeba rangi ya kitu unachokigonga. Turubai la buluu juu ya banda linampaka kuku mweupe ubuluu, nyasi zinambandika ukijani tumboni, na hakuna anayeamini tena kwamba ni mweupe. Udongo mwekundu una nafuu, unampa joto kidogo. Ukiwa na sandarusi (gunia la plastiki) nyeupe safi, itandaze chini mbele ya kuku, nje ya fremu, uikandamize kwa mawe isipepee. Itarudisha mwanga kifuani na miguuni, mahali pale pale panapozama gizani. Waache kuku waizoee dakika kumi kwanza, la sivyo watakimbia.

Kuku mweusi anastahili maneno yake. Ule ung'avu wa kijani unaoteleza mkiani na mabawani haumo kwenye unyoya kama rangi ilivyo kwenye kitambaa. Unatokana na mwanga kuakisiwa na tabaka nyembamba sana zilizo ndani ya unyoya, kwa hiyo unaonekana kwa pembe fulani tu. Mpige jua likiwa utosini, utapata kuku wa mkaa. Mpige kwa mwanga wa ubavuni, kisha sogea hatua moja kushoto, hatua moja kulia, na kijani kitawaka mbele ya macho yako. Hakuna simu ya bei yoyote itakayokutafutia pembe hiyo ukiwa umesimama palepale.

Halafu shuka chini. Piga goti, au lala kifudifudi juu ya gunia. Jicho la kuku wa kawaida liko kama sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini, na lenzi iwe hapo. Simu igeuze juu chini ili lenzi iwe karibu na ardhi. Ukisimama na kupiga kutoka juu, miguu inafupika, na kuku mrefu anageuka kifaranga kinene. Ukimsogelea kwa sentimita 30, kichwa kinakuwa kikubwa kuliko mwili. Kaa mita 2, tumia lenzi ya kuvuta mara 2 kama simu inayo. Ile hali ya kutia ukungu nyuma iache: inakata ncha za manyoya, inakula mkia wa jogoo, na mara nyingi inafuta mguu mmoja.

Gusa kioo juu ya jicho la kuku na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kisha teremsha mwanga kidogo. Kuku mweupe juu ya udongo mweusi huchomeka haraka, manyoya yote yanakuwa bamba moja jeupe, na yakishachomeka hayarudishwi na uhariri wowote. Kuku mweusi akijaza fremu, simu hujaribu kumng'arisha na kumfanya wa kijivu, kwa hiyo naye teremsha. Wenye kamera: kasi ya 1/500 ya sekunde kwa kuku anayetembea, 1/1000 au zaidi akikung'uta mabawa. Usifungue lenzi mpaka mwisho, maana jicho litakuwa kali na mdomo umefifia, tundu la lenzi la f/5.6 linatosha.

Kuku akitembea, kichwa kinatangulia, kinatulia kidogo mwili ukikifuata, kisha kinatangulia tena. Piga kinapotulia. Na kwa kuwa ana utando wa tatu unaopita jichoni kila mara, piga picha 10 au 15 mfululizo uchague moja. Chakula kisimwagwe kwa wingi, maana utapata picha za migongo na mikia. Tupa punje tano za mtama, ngoja aziokote, atainua kichwa kutafuta nyingine. Hapo hapo. Usimkimbize hata kidogo. Kuku aliyekimbizwa anahema mdomo wazi na kutanua mabawa, na mnunuzi atadhani ni mgonjwa.

Flashi ndani ya banda usiku naikataa moja kwa moja. Kuku wakishtuka gizani hukimbilia kona moja na kurundikana, na wa chini hukosa hewa. Kuna watu wameokota mizoga asubuhi kwa mtindo huo. Hakuna tangazo lenye thamani hiyo. Kama ni lazima kumpiga ndani, ngoja asubuhi, fungua mlango, mweke kama mita moja ndani, nawe ukae ubavuni ili mwili wako usizibe mwanga. Giza la nyuma litamtenga vizuri. Kwenye wavu, bandika lenzi kwenye tundu lenyewe, waya utatoweka.

Nitakubali jambo moja kwa wanaopenda mchana: wingu likiwa zito na limeenea, kama siku za masika au za ukungu Lushoto na Njombe, saa 6 inapigika. Lakini ni wingu linalofanya kazi hiyo.

Kanga ana vidoa vidogo mno, na picha ikibanwa na WhatsApp vinayeyuka. Itume kama dokumenti. Bata mweupe mpeleke ukingoni mwa maji asubuhi, maji yatamwangaza tumboni bila sandarusi.

Na uhariri. Kunyoosha picha, kuikata pembeni, kuongeza mwanga kidogo, sawa. Lakini kuna wanaozidisha rangi mpaka upanga uliopauka unakuwa mwekundu kama nyanya. Upanga mwekundu uliojaa ni dalili anayoitegemea mnunuzi kujua kama mtetea anataga. Kuupaka rangi ni kumuuzia mtu mayai yasiyokuwepo, na pesa anayotoa mara nyingi ni ya mtaji wake wote. Miguu vilevile: ionyeshe wazi, magamba yakiwa yamelala. Kama yameinuka kwa utitiri, mtibu kwanza, picha ifuate baadaye.

Vifaranga waliobaki chini ya taa nyekundu wote wanaonekana rangi moja, na hakuna simu inayoweza kuitoa nyekundu ile ikarudisha rangi yao. Toa wawili au watatu, waweke kwenye boksi lililotandikwa kitambaa kikavu, karibu na dirisha lisilopigwa na jua. Una dakika mbili, tatu. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na wakianza kulia kwa sauti kali wameshapata baridi. Warudishe kwenye taa, hata kama picha bado hujaipata.