Mchakamchaka hautakupitisha mtihani wa mbio

Mi nasema hivi na najua kuna watu wa joging watanuna: kama una mtihani wa mbio unaopimwa kwa saa, iwe wa urefa, iwe usaili wa kazi inayotaka watu wenye pumzi, ile kutoka alfajiri kwenda Raskazone, hapa kwetu Tanga, na kurudi kwa mwendo uleule kila siku haitakusaidia kama unavyodhani. Itakupa afya, itakupa marafiki, itakupunguzia kitambi, sikatai. Ila siku ya mtihani hakuna anayekuuliza kuhusu kitambi, wanataka ufike kwenye koni kabla ya filimbi basi.

Tatizo la mchakamchaka ni wimbo. Kikundi kinakwenda kwa mwendo wa wimbo na wimbo unamsubiri mtu wa mwisho asiachwe, ndo uzuri wake huo na ndo maana watu wanaupenda, sasa wewe mwenye mtihani ukikaa humo miezi miwili mwili unajifunza kitu kimoja tu, kwenda taratibu mda mrefu huku unaimba. Spidi ya mtihani haikuachii pumzi ya kuimba.

Tuchukue marefa, maana ndo nawaona sana huku kwetu. Wengi bado wanauita mtihani wao Cooper, ila Cooper yenyewe ni kitu kingine, ni ile ya dakika 12 aliyoitoa Kenneth Cooper mwaka 1968, daktari wa jeshi la anga la Marekani, unakimbia dakika 12 halafu unapimwa umefika umbali gani. Mtihani wa FIFA wa refa wa kati una sehemu mbili. Kwanza mbio sita za mita 40, na kwa refa mwanaume wa kimataifa kila moja isizidi sekunde 6, ukikosa moja unapewa ya saba, ukikosa mbili umekwisha. Halafu ndo inakuja yenyewe: mita 75 unakimbia kwa sekunde 15, mita 25 unatembea kwa sekunde 18, mara 40 bila kusimama. Piga hesabu, ni mita 4,000 ndani ya dakika 22, na kila unapokimbia uko kwenye kilomita 18 kwa saa. Sasa niambie ni joging gani ya Jumamosi asubuhi inayokwenda hivyo hata kwa dakika moja.

Na hapa ndo watu wanapotea. Mtu anaona mita 4,000 anasema ah, mbona mi nakimbia kilomita kumi, nitapita tu. Kilomita kumi za nani? Mtihani wenyewe hauulizi unafika wapi, unauliza unaweza kuondoka ghafla, kufika, kutembea kidogo na kuondoka tena ghafla mapigo ya moyo hata hayajashuka, mara 40. Hicho kitu ni lazima ukifanyie tizi chenyewe.

Kwahiyo mi ushauri wangu ni mbio za vipande, na hazihitaji gharama. Tafuta kiwanja chochote cha mtaani, chukua futi kamba ya fundi upime mita 75 na 25 kwa ukweli, usipime kwa hatua zako, hatua zinakuwa fupi ukichoka na zinakuwa ndefu ukijipendelea. Usitumie nguzo za umeme wala, hazijawekwa sawasawa zile. Weka ndala au mawe, mpe mdogo wako filimbi na simu yenye saa. Anza na vipande kumi kwa mda uleule wa mtihani, sekunde 15 kwa 18, pumzika dakika tatu nne, piga vingine kumi, siku hiyo imetosha. Ukiona mwili umezoea unaongeza viwe 15, viwe 20 kwa mkupuo, na ule mda wa kupumzika katikati unaukata kidogo kidogo. Wengi wanafanya kinyume, wanaanza na vyote 40 kwa mwendo wa chini halafu wanategemea spidi itakuja mbele ya safari, haiji hiyo. Spidi iwe ya mtihani tangu siku ya kwanza, kinachokua ni idadi.

Kuna wale mafundi wa kuwahi. Filimbi ikilia anachomoka, mita 75 kamaliza kwa sekunde 12, anageuka kuangalia wenzake wanakuja nyuma, anacheka. Hiyo mbio haina maksi ya kuwahi jamani! Fika kwenye 14 na kitu inatosha, zile sekunde mbili unazojionyesha unazilipia kwenye kipande cha 30 huko.

Wa dakika 12 hesabu yao ni tofauti kidogo maana wao kila mita ni maksi, lakini ugonjwa ni huohuo. Ukitaka mita 2,400 ni raundi sita za mita 400, kila raundi dakika mbili kamili. Ukitaka 2,800 ni raundi saba, kila moja kama dakika 1 na sekunde 43. Basi vipande vyako ni hivyo, mita 400 kwa mda huo, pumzika dakika mbili, rudia mara nne tano, kadiri wiki zinavyokwenda mapumziko yawe dakika moja na raundi ziongezeke. Ukifanya hivyo miguu inaujua mwendo hata bila kuangalia saa, na siku yenyewe hutakimbia raundi ya kwanza kama unafukuzwa. Najua mtu atanitajia mkimbiaji wetu Filbert Bayi, kwamba mbona yeye mwaka 1974 kule Christchurch aliongoza tangu mwanzo akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500. Sawa, aliweza kwa sababu alijizoesha hivyo, wewe umejizoesha nini?

Sisemi mbio ndefu uziache kabisa, moja kwa wiki ya taratibu iwepo. Lakini hata wa mbio ndefu wenyewe spidi wanaihitaji, angalia Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu kwenye marathoni kule Tokyo 2025, kilomita 42 zote zile na ubingwa wa dunia ukaja kuamuliwa kwenye hatua za mwisho, yeye na Mjerumani aliyekuwa wa pili wakaandikiwa mda mmoja, 2:09:48.

Halafu joto. Huu mji wetu una unyevu bana, jasho linatoka halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Watu wote tizi wanafanya saa kumi na moja alfajiri kuna kaupepo ka bahari, halafu mtihani unaanza saa tatu jua limeshawaka, mtu kipande cha 20 tu macho yanaona giza anasema amerogwa. Hujarogwa, hukuzoea. Mwili unataka kama wiki mbili kuzoea joto, kwahiyo baadhi ya siku toka saa ileile ya mtihani, anza pole pole, maji unywe, na ukianza kusikia baridi au kizunguzungu kwenye jua acha hapohapo nenda kivulini.

Ufukweni mi sipapendi kwa tizi ya spidi, nitapingwa sana hapa. Mchanga laini unakula nguvu ya mguu, na maji yakipwa ule mgumu wa chini umelala upande, mguu mmoja juu mmoja chini. Nenda ukatembee na familia.

Na nyama za paja ndo zinazotoa watu kwenye mtihani wengine hata hawajafika uwanjani. Spidi kwenye mwili wa baridi, au spidi siku mbili mfululizo, utasikia kitu kimekata nyuma ya paja. Pasha mwili robo saa, vuta mbio fupi kadhaa zinazopanda spidi taratibu, ndo uanze. Siku mbili za spidi kwa wiki zinatosha kwa mtu mwenye kazi zake, tatu kama umri unaruhusu, na kati yao iwepo siku ya kupumzika. Wiki ya mwisho punguza, usije ukafanya mtihani mzima juzi yake kujipima, ukishajipima hivyo siku yenyewe unakimbia na nini?

Kingine chakula, hili kwa watu wa Tanga lazima nilitaje. Chapati na maharage ya nazi asubuhi ya mtihani, hapana. Kula mapema kitu chepesi, ndizi, mkate na chai, iwe masaa mawili matatu kabla ya mtihani. Maharage ya nazi yapo tu, utayakuta mchana.