Aliyeacha nyama anakula nini?

Kijana akitangaza nyumbani kwamba ameacha nyama, maswali humwagika: unaumwa? Umeingia dhehebu gani? Mama yeye huuliza moja tu: nguvu utapata wapi, mwanangu? Swali hilo lina uzito, na wanaobishana kuhusu nyama wamelijibu ovyo kwa muda mrefu.

Watetezi wa nyama hawasemi uongo. Madini ya chuma, ambayo mwili hutengenezea damu, yakitoka kwenye nyama na maini hufyonzwa kwa urahisi kuliko yale ya mchicha au maharage. Mtoto mdogo ana tumbo dogo na mahitaji makubwa, ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unashauri mwenye miezi 6 hadi 23 apewe kila siku nyama, samaki au mayai. Mzazi anayetaka kuhama kutoka kwenye nyama pamoja na wanawe wachanga apite kwanza kliniki.

Ila mtu mzima kuambiwa atanyong'onyea kwa kukosa nyama ni jambo lisilo na ushahidi. Wasabato wa Marekani na Canada wamefuatiliwa tangu 2002, na matokeo ya 2013 yalionyesha kwamba wenye kula mboga walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 12 kuliko wala nyama. Utasema Wasabato hawavuti sigara wala hawanywi pombe. Sawa, lakini waliolinganishwa nao walikuwa Wasabato wenzao. Kinachonizuia kushangilia sana ni kwamba nafuu hiyo ilionekana zaidi kwa wanaume. Hata hivyo, kama kuacha nyama kungekuwa kunadhoofisha, hapo ndipo tungeona.

Wanaodhoofika huku kwetu, tazama sahani zao. Nyama imeondoka na nafasi yake haikujazwa na kitu: mchana sembe na kabichi, jioni chapati na chai ya rangi, katikati chipsi. Baada ya miezi kadhaa kizunguzungu kinaanza, na lawama zote zinabebeshwa nyama iliyoachwa. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Hao si watu walioapa kutogusa nyama! Malaria na minyoo vina sehemu yao, lakini mlo nao una yake, na ndani ya mlo kuna adui tunayemkaribisha wenyewe mezani: chai.

Kikombe cha chai kinachonywewa pamoja na chakula chaweza kupunguza zaidi ya nusu ya madini ya chuma ambayo mwili ungefyonza kutoka kwenye maharage au majani. Mla nyama hulipia kidogo kosa hilo, kwa sababu chuma cha nyama hakisumbuliwi sana na chai. Aliyeacha nyama hulipia karibu lote. Asogeze chai saa moja au mbili mbele, akamulie ndimu kwenye kunde au ale chungwa baada ya mlo, na ufyonzaji unapanda waziwazi. Hakuna gharama hapo, ni mazoea tu.

Mengine jiko letu linayajua. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, sehemu ya vile vinavyobana madini hupungua. Dona hubaki na pumba na kiini ambavyo sembe imepoteza. Makande yanakutanisha mahindi na maharage, kila kimoja kikiziba pengo la protini la mwenzake. Wala si lazima kuhama kwa siku moja: anza na siku mbili tatu za mbaazi za nazi, choroko, kisamvu cha karanga, kisha ongeza.

Deni moja halilipwi na mmea wowote: vitamini B12. Ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo upungufu huchelewa kujitokeza, na ukija na ganzi ya miguu na usahaulifu, mishipa ya fahamu huenda imeshaumia bila kupona. Wanaohubiri kwamba shamba linatosha kwa kila kitu wanawadhuru wafuasi wao. Anayeendelea na maziwa na mayai kila siku yuko salama zaidi. Asiyegusa hata maziwa na mayai aanze vidonge vya B12 wiki ileile anapoacha nyama, asisubiri ganzi.