Radi ilimpiga mdogo wangu, bibi wa jirani akahama

Tarehe 10 Agosti 2020, kama saa moja na nusu usiku hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mdogo wangu alinipigia. Anaishi Cedar Rapids, katika jimbo la Iowa, Marekani, na kwao ilikuwa bado mchana, saa sita na nusu. "Yaya, mbingu imegeuka kijani," akasema; yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa. Nikasikia mngurumo kama wa lori linaloteremka Nyawera bila breki, halafu kimya. Sikumpata tena kwa siku nne.

Alipopatikana alikuwa na hadithi ndefu. Upepo ulivuma zaidi ya nusu saa pasipo kupumua. Miti ilianguka yote ikielekea upande mmoja, mashariki, kama mtama uliopitiwa na ng'ombe. Mimi nilikuwa nimeshawaza tornado, kile kimbunga chenye mkonga kinachozungusha na kutupa vitu huku na huku. Kumbe kilichowapiga kinaitwa derecho, neno la Kihispania lenye maana ya "nyoofu", alilolichagua Gustavus Hinrichs mwaka 1888, naye alikuwa profesa hukohuko Iowa.

Ni mstari mrefu wa mawingu ya radi. Mvua inaposhuka inavuta hewa ya baridi hadi chini, na hewa hiyo inatambaa kwenda mbele kama maji ya beseni lililopinduka. Inainua hewa ya joto inayoikuta njiani, mawingu mapya yanazaliwa, na mstari unaendelea kujilisha huku unakimbia. Ule wa siku hiyo ulitoka South Dakota hadi Ohio kwa saa 14, kilomita zipatazo 1,200. Cedar Rapids, upepo ulikadiriwa kufika kilomita 225 kwa saa. Vimbunga vya mkonga navyo vilikuwemo, vidogo, vikijificha ndani ya mvua pale mstari unapojikunja. Kimoja kiligusa Chicago, mtaa wa Rogers Park, kikaishia ziwani.

Mji wa mdogo wangu ulipoteza zaidi ya nusu ya miti yake. Wakimbizi wengi, Wakongomani wakiwemo, walilala nje kwenye mahema maana paa za majengo yao zilikuwa zimekwenda. Humo kwenye mahema, aliniambia, mama mmoja wa kwetu alianza: "Kuna mtu ametufuata kutoka nyumbani." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na mimi nikajua kwa nini.

Mwaka wangu wa mwisho wa sekondari, mwezi wa kumi na moja, radi ilipiga mti wa avoka kwenye parseli (kiwanja) ya jirani, kule Kadutu, hapa Bukavu. Mbuzi aliyefungwa hapo akafa. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka tisa na amesimama hatua chache kando, alirushwa hadi ukutani. Akazinduka baada ya dakika chache, sikio moja likivuma. Hadi leo halisikii vizuri. Kesho yake asubuhi vijana walijaa mlangoni kwa bibi mmoja mjane. Walisema ndiye aliyeituma radi, na ushahidi wao ulikuwa kwamba wiki iliyopita alimgombeza mdogo wangu kwa kurushia avoka mawe. Hawakumpiga. Walisimama tu, wakasema, wakarudi jioni, wakarudi kesho yake. Mwishoni mwa mwezi bibi alihama. Sisi, familia ya mtoto, tulikuwa watu pekee ambao neno letu lingewatawanya, na hatukulisema. Papa aliita mganga akapewa mbuzi ili aikinge nyumba. Mbuzi mwingine, nimewahi kuwaza, amekufa kwa radi ileile.

Mwaka 2016 watafiti waliochambua miaka 16 ya data za satelaiti walipanga orodha ya mahali panapopigwa na radi zaidi duniani. Wa kwanza ni Ziwa Maracaibo, Venezuela. Wa pili ni Kabare: mimweko 205 hivi kwa kila kilomita ya mraba, kwa mwaka. Kabare ndiyo hii inayotuzunguka, ukivuka Bagira umeshafika. Sake, njia ya Goma, nayo imo kwenye kumi bora za Afrika. Hewa yenye maji inatoka msituni upande wa magharibi, inakutana na milima, joto la mchana linaisukuma juu, Ziwa Kivu linaongeza lake. Tornado hatuna desturi nazo, kwa sababu hapa karibu na ikweta pepo za juu hazina ile nguvu ya kuyapinda mawingu yazunguke. Umeme ndio fungu letu.

Sasa, nani alituma hiyo mimweko 205? Bibi mmoja mjane angeiweza lini, na maji ya kuchota anayo?

Najua jibu nitakalopewa. Kila mtu hapa anajua radi inatoka mawinguni. Kinachoulizwa ni kwa nini imempiga huyu na kumwacha yule. Swali hilo satelaiti hailijibu, na silidharau. Iowa nako waliuliza, ila walimuuliza mtu wa bima. Sisi tunakwenda kwa mzee asiye na watoto wa kumtetea. Wakati huohuo nahesabu shule zetu za mabati vilimani, zilizojaa watoto, na nyingi hazina paratoneri, ile fimbo ya chuma juu ya paa na waya wake mnene hadi ardhini. Mbuzi wote wa waganga wangetosha kununua ngapi?

(Mimi mwenyewe mvua ikiguruma nafunika kioo, kama mama alivyotufundisha. Usiniulize.)

Siku ile ya nne, alipomaliza habari za upepo, mdogo wangu aliuliza: "Yaya, yule bibi alihamia wapi?" Nikamwambia mtaa wa Panzi, nilisikia hivyo, na kwamba alishafariki. Sikujua kama kweli alifariki.

Mti wa avoka bado upo. Upande mmoja una kovu jeusi toka juu hadi chini, upande wa pili unazaa. Watoto wa avenyu hawazigusi avoka zake. Mwezi uliopita niliokota mbili, nikala na chumvi nimekaa palepale chini, na mama mmoja aliyekuwa anapita akaharakisha mwendo.