Orodha aandike mtu, majedwali yatolewe na skripti

Niliwahi kupoteza siku mbili kwa sababu ya mstari mmoja. Nilikuwa naandika intapreta ndogo, yaani programu inayosoma amri na kuzitekeleza, kwa lugha ya C, na kila amri ilikaa sehemu tatu: jina kwenye jedwali moja, fanksheni (kipande cha msimbo kinachoitekeleza) kwenye jingine, idadi ya vitu inavyopokea kwenye la tatu. Nikachomeka amri mpya katikati ya kila moja ya majedwali mawili ya kwanza, la tatu nikalisahau. Kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, haikulalamika, kwake zile zilikuwa namba tu. Kuanzia hapo kwenda chini, kila amri ikawa inatumia idadi ya jirani yake, na programu ikafia mahali pasipo na kosa lolote.

Tangu siku hiyo nashikilia kwamba habari za amri ziandikwe mara moja tu, kwenye orodha inayosomeka, na majedwali yatolewe na skripti, yaani programu fupi inayoisoma orodha hiyo.

Tazama Perl, lugha ya kuandikia programu. Ndani ya msimbo wake kuna faili liitwalo regen/opcodes: mstari mmoja kwa kila amri, safu tano. Jina, maelezo ya Kiingereza, fanksheni ya ukaguzi, alama za tabia, kisha aina ya vitu inavyopokea. Skripti regen/opcode.pl husoma orodha hiyo na kutoa opcode.h, na humo majedwali ya PL_op_name (majina), PL_op_desc (maelezo), PL_ppaddr (fanksheni) na wenzao hufuatana kwa mpangilio uleule. Ninachokipenda zaidi ni yale maelezo. Mstari wa `add` (kujumlisha) umeandikwa "addition (+)", na maneno hayohayo ndiyo mtumiaji huyaona Perl inapomwonya kwamba amejumlisha kitu kisichopewa thamani: "Use of uninitialized value $x in addition (+)". Ukirekebisha neno kwenye orodha, umerekebisha onyo.

Wapo wasemao mafaili yaliyotolewa na skripti hayafai kuhifadhiwa pamoja na msimbo. Hapa sikubaliani nao. Skripti ya Perl imeandikwa kwa Perl. Asiye na Perl angeijengaje Perl? Kwa hiyo opcode.h huhifadhiwa, na jaribio la t/porting/regen.t hukagua kama bado linalingana na orodha. Mtu anayekagua mabadiliko naye huyaona pande zote mbili, kwenye orodha na kwenye faili lililotolewa.

Lugha nyingine, Lua 5.4, imechagua njia tofauti. Amri zake, themanini na kidogo, zimeandikwa kwa mkono katika lopcodes.h, na maoni yanamkumbusha atakayezigusa atafute "ORDER OP" kwingineko kunakotegemea mpangilio uleule. Lua naiheshimu sana, ni ndogo na watunzaji wake ni wachache. Ila ukumbusho ule hufanya kazi kwa anayeusoma tu, nami siku ile nisingeusoma.

Siku hizi skripti yangu hukataa kutoa chochote mstari ukipungukiwa safu, na hutaja namba ya mstari wenyewe. Amri mpya naiweka popote ninapotaka.