Natron si ziwa mfu, tumeliangalia upande mmoja tu

Kila zikisambaa upya zile picha za mpiga picha Nick Brandt zilizotoka mwaka 2013, ndege wamekauka kama sanamu pale Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, watu wanaanza tena kwamba ziwa lile linageuza viumbe kuwa mawe. Hapana jamani. Aliwaokota ufukweni wameshakufa na wamegandwa na magadi, akawaweka mkao anaoutaka ndo akapiga picha. Ila stori ikishatoka haina breki, na siku hizi ukihoji wazo la kujenga kiwanda cha magadi pale unaulizwa "ziwa lenyewe limekufa, mnalinda nini?"

Mto Ewaso Ng'iro unaingiza maji kutoka Kenya, chemchemi za moto nazo zinaingiza, kutoka ni kwa mvuke tu na mvuke haubebi chumvi. Angalia birika ambalo halijasuguliwa miezi, ule weupe uliogandia chini, halafu piga hesabu ya maelfu ya miaka. Kukosa mto wa kutokea peke yake hakutoshi lakini, Naivasha haina mto unaotoka na maji yake ni baridi kabisa kwa sababu yanapenya chini kwa chini. Natron imeongezewa na jirani yake Ol Doinyo Lengai, volkano inayotema lava yenye magadi, mvua ikipiga majivu yale yote yanashuka ziwani. Ni magadi yaleyale tunayotia kwenye makande, ila huko pH inafika 10.5.

Sasa wanaotaka kiwanda sio wajinga. Soda hii ya magadi ndo inatengeneza vioo na sabuni, Kenya wanaichimba Ziwa Magadi tangu 1911, na kijana wa Longido anataka ajira kama kijana wa Dar. Mpango wa 2006 ulikuwa tani 500,000 kwa mwaka, sio hela ndogo, mpaka kampuni ya Tata ya India ilipojitoa 2008. Na wakikuuliza "mbona Magadi kuna kiwanda na heroe (flamingo) wapo?" swali lina uzito.

Jibu ni kwamba Magadi wanaenda kula. Kuzaa wanazaa Natron, na hapa ndo huwa nakwama, maana asilimia 75 hivi ya heroe wote duniani wa ile aina ya heroe mdogo wanazaliwa kwenye ziwa hili moja. Sio asilimia 75 ya Tanzania, ya dunia nzima! Wale unaowaona Nakuru, wale wa Bogoria, wengi wao walianguliwa hapa, juu ya kichuguu cha tope katikati ya gamba la soda, yai moja tu kwa kila mama, basi. Fisi na mbweha wanaliona lakini hawafiki, gamba linapasuka na maji ya chini yanaunguza, kwa hiyo yale magadi tunayoyaona sumu ndo uzio wa heroe. Na uzio wenyewe unategemea kina, ziwa lote halifiki hata mita tatu, maji yakipanda kidogo viota vinazama, yakishuka fisi anatembea mpaka kwenye yai. 1962 Natron ilifurika wakahamia kuzaa Magadi, vifaranga kibao wakagandwa na pingu za soda miguuni, watu ikabidi waingie kuwavunjia. Sasa wewe weka mapampu ya kuvuta maji ya magadi usiku na mchana halafu uniambie kina hakitaguswa.

Na hata ukiacha ndege, pembeni kwenye chemchemi kuna perege wadogo wanaoishi kwenye maji yanayokuchubua mkono, na kuna ule mwani ambao heroe wanauchuja kwa mdomo uliogeuzwa juu chini. Wafu gani hao?

Engaruka, kusini mwa hapo, kuna magadi mengi ardhini na NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa, wameshaelekeza macho huko. Kwa hilo sina ugomvi nao, ila kiwanda cha magadi kinakunywa maji baridi mengi na kule wafugaji na wenye mashamba ya mifereji wanagawana vijito vilevile, hesabu hiyo ndo ningependa niione kabla ya hesabu ya tani.