Dadu la umeme na kiti cha tatu

Jamani, mtu mzima na mvi zangu nagombea benchi! Kijiweni kwetu Magomeni tulikuwa tunacheza ludo kwa amani mpaka mpwa wangu, anayesomea mambo ya kompyuta, alipotuletea dadu la umeme. Eti lile la zamani linatumbukia mtaroni, na likiokotwa kila mtu anadai lilikuwa sita. Akachukua bodi ndogo ya Arduino, yaani kikompyuta unachokiandikia amri mwenyewe, vitaa na kitufe, akachomeka kwenye chaja ya simu.

Sasa umeme wa mtaani kwetu mnaujua. Ukikatika ukarudi, dadu linaanza upya: mbili, mbili, sita, tatu, tano. Ukikatika tena: mbili, mbili, sita, tatu, tano. Na kwenye ludo bila sita hutoki nyumbani. Aliyekaa kiti cha tatu anapata sita, anatoa kete, anaongezewa zamu, anatembea zake. Mimi wa nne nabaki na tano yangu, sijui niipeleke wapi.

Mzee muuza kahawa alishtuka mapema. Swala ya alasiri ikiisha tu, keshakaa kiti cha tatu, waya wa chaja uko jirani na kidole gumba cha mguu wake. Mchezo ukimwendea kombo: "Aa, samahanini vijana, mguu umeteleza."

Nikamwita mpwa. "Hili dude linabahatisha au limekariri?"

"Mjomba, linapiga hesabu tu." Eti linachukua namba iliyopita, linazidisha kwa 16807, linagawa kwa 2147483647, linabaki na baki. Likiwashwa linaanzia 1. Nikaomba kalamu, nikaandika kwenye karatasi ya maandazi: 1 mara 16807, ukiigawa kwa ile namba kubwa inabaki 16807 yenyewe; gawanya kwa 6, maana dadu lina nyuso sita, inabaki 1, ongeza 1, maana dadu halina sifuri. Mbili! Bahati gani hiyo inayokokotolewa kwenye karatasi yenye mafuta?

Mpwa akaongeza mstari mmoja wa programu, randomSeed, yaani amri ya kulipa dadu namba ya kuanzia; namba yenyewe inasomwa kwenye pini, tundu la waya kwenye bodi, iliyoachwa wazi. Pini isiyoungwa popote inanasa kelele za umeme, inatoa namba kati ya 0 na 1023, na hesabu inaanzia hapo. Kelele? Magomeni hatujawahi kuzikosa. Jioni ile nikapata sita, kete yangu ikaona jua. Mzee kanuna, kahawa kanimiminia nusu kikombe.

Kesho yake: mbili, mbili, sita.

Mpwa kufungua boksi, kuna kipande cha waya mwekundu kimetoka pini ileile mpaka tundu la GND, yaani la volti sifuri. Hapo pini inasoma sifuri, na randomSeed ukiipa sifuri inakupuuza, hesabu inarudi kuanzia 1. Mzee anaapa kompyuta hajawahi hata kuigusa, ila pini kuachwa wazi ni hatari kwa watoto. Mjukuu wake, ndiyo kwanza nasikia leo, anasoma darasa moja na mpwa wangu.

Kiti cha tatu sasa anakikodisha. Mchezo mmoja, vikombe viwili vya kahawa, na unalipa kabla hujakaa.