Barua ya Tatu ya Kuombwa Radhi

Jana nilipokea barua ya tatu kutoka halmashauri ya mji ninamoishi hapa Uingereza, ikiniomba radhi kwamba mpango wa elimu, afya na matunzo wa mwanangu mwenye usonji, yaani waraka rasmi unaotaja msaada anaopaswa kupewa mtoto mwenye mahitaji maalumu, ambao kisheria hutakiwa kukamilika ndani ya wiki 20, bado haujawa tayari. Nilikasirika hadi chai ikapoa. Kisha nikajicheka, maana kwetu Tanga sijapata kumsikia mzazi wa mtoto mwenye usonji akilalamika kwamba amecheleweshewa jibu. Nani alimwahidi jibu, na kwa tarehe ipi?

Najua nitaambiwa kwamba nimekunywa maji ya Wazungu na sasa nawadharau wenzangu. Siwadharau, na huku si peponi. Kufikia Januari 2025 watoto na vijana wenye mipango hiyo katika England peke yake walizidi 638,000, wanasaikolojia wa elimu ni haba, na halmashauri zimeelemewa na madeni. Lakini sheria ya mwaka 2014 imenipa pa kushika: halmashauri ikininyima, nakata rufaa, na wazazi wanaofika mbele ya baraza la rufaa hushinda mara nyingi sana.

Mpwa wangu alikaa miaka mitatu dawati la nyuma, akiziba masikio kila ilipogongwa ile rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni, akaitwa mkaidi na kuchapwa. Mwalimu wake simlaumu. Alikuwa na watoto zaidi ya tisini. Shule yenye kitengo cha elimu maalumu ilikuwa mbali, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na dada yangu angeuza maandazi saa ngapi?

"Sisi tuna watu," mtasema, na hapo sibishi. Bibi wa nyumba ya pili alijua, bila kufundishwa na yeyote, kwamba mtoto yule haitwi kwa sauti bali huguswa bega. Mwanangu hapa amebandikiwa ratiba ya picha mezani, mkoba, mkate, basi, lakini hakuna jirani anayelijua jina lake. Namwonea fahari bibi yule. Ninachokataa ni kumfanya yeye kisingizio, ilhali Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 nayo inatamka haki ya elimu jumuishi.

Usiku nilimsomea dada barua ile kwenye simu, nikitarajia anihurumie. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo wamekuandikia wao wenyewe, bila wewe kwenda kuwafuata?"